Mgeni Ana Nguzo, Mwenyeji Hana Jina

Kila ziara ya Malindi huanza na msalaba. Unashuka kwenye gari, unalipa kiingilio, unatembea juu ya mawe makali ya matumbawe mpaka mwisho wa rasi, na pale mbele ya bahari unakuta mnara mfupi mweupe, mpana chini na mwembamba juu, wenye msalaba kichwani. Hiyo ndiyo Nguzo ya Vasco da Gama. Watu hupiga picha kwanza, halafu ndio huuliza ni nini.

Mjomba wangu ameisimulia nguzo hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Ofisi hana. Ana kofia, miwani ya jua, na simu ambayo huita usiku wageni wakipatikana. Mimi humsaidia msimu ukichanganya: kubeba maji, kuchunga watoto wasiteleze, kushika simu za watu niwapige picha ya familia nzima. Hotuba yake nimeihifadhi kama juzuu ya amma.

Jumamosi moja ya Agosti sauti ilimkauka. Mafua, na wageni wako mlangoni: familia moja kutoka Nairobi, baba, mama, na binti yao wa miaka kumi hivi mwenye maswali mengi kuliko begi lake. Mjomba akanivuta kando. "Leo sema wewe. Mimi nitaitikia."

Hotuba yenyewe huenda hivi. Mwaka 1498, Vasco da Gama, nahodha wa Ureno, alikuwa akitafuta njia ya bahari ya kwenda India. Mombasa walimtilia shaka, wakataka kumwangamiza. Malindi wakampokea kwa mikono miwili. Sultani akampa kondoo, viungo na rubani bingwa kuliko wote, Ahmad ibn Majid. Da Gama akafika India salama, na kwa shukrani akasimamisha nguzo hii ya urafiki. Hapo Mjomba hunyamaza kidogo, huionyesha bahari kwa mkono mzima, halafu humaliza: "Karibuni Malindi, mji wa wageni tangu 1498." Watu hupiga makofi. Kweli kabisa, hupiga.

Nilianza vizuri. Nilipofika kwenye mikono miwili, ulimi ukagoma.

Sababu ni kwamba kwa muda wa miezi miwili nilikuwa nikiisoma shajara ya safari ile. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ndiyo iliyosema basi, lakini kusoma sikuacha. Mtu mmoja katika merikebu za da Gama, wengi humtaja kuwa Álvaro Velho, aliandika siku kwa siku yaliyowapata. Maandishi yake yamechapishwa na kutafsiriwa zamani, na leo yako bure mtandaoni kwa yeyote mwenye bando. Niliyasoma kitandani, taa imezimwa, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Sasa nimesimama chini ya msalaba, watu watatu wananitazama, na nayajua mambo ambayo hotuba haiyataji.

Kwa hiyo nikayasema.

Nikasema kwamba asubuhi ya tarehe 14 Aprili 1498, wakitoka Mombasa, Wareno waliona vyombo viwili baharini, wakavifukuza, na wakakikamata kimoja kikiwa na watu 17. Jioni ileile wakatia nanga Malindi. Yaani mgeni alibisha hodi akiwa na mateka ndani ya merikebu. Mzee mmoja kati ya mateka hao ndiye aliyepelekwa nchi kavu kupeleka salamu za kwanza.

Nikasema kwamba tarehe 18 mfalme wa Malindi na da Gama walikutana, lakini walikutana juu ya maji, kila mmoja katika chombo chake. Mfalme alimwomba mgeni ashuke, aje nyumbani apumzike. Da Gama akakataa, akasema bwana wake hakumruhusu kukanyaga nchi kavu. Mateka akawaachilia siku hiyo, na mfalme akafurahi. Lakini katika siku zote alizokaa hapa Aprili ile, mtu ambaye barabara yetu ya ufukweni imebeba jina lake hakulala hata usiku mmoja mjini.

"Si alikuwa anaogopa," akasema yule binti.

"Pengine."

Nikawaambia kuhusu zawadi. Da Gama alipeleka joho, shada mbili za marijani, mabeseni matatu ya kunawia, kofia, vikengele na vipande viwili vya kitambaa cha mistari. Mfalme akajibu kwa kondoo sita na karafuu, bizari, tangawizi, kungumanga na pilipili manga. Mama mtu akacheka kwa sauti: "Mabeseni? Kwani ilikuwa harusi?" Hata Mjomba alicheka, kisha akakohoa.

Halafu nikafika kwa rubani, na hapo ndipo kicheko kilipoisha. Siku zilipita za ngoma na michezo ya vita ufukweni, lakini rubani aliyeahidiwa hakuletwa. Tarehe 22 Aprili, baada ya siku mbili bila mtu kutoka mjini kuja merikebuni, mtumishi wa karibu wa mfalme akapanda. Da Gama akamkamata. Akatuma ujumbe: nipeni rubani niliyeahidiwa. Rubani akaletwa, na yule mtumishi akaachiliwa. Tarehe 24 wakatweka matanga.

"Kwa hiyo hakupewa," akasema baba mtu, akiitazama nguzo upya. "Alidai kwa kushika mtu."

"Shajara yao wenyewe ndiyo inayosema hivyo."

Na rubani hakuwa Ahmad ibn Majid, au walau ushahidi unakwenda kwingine. Ibn Majid alikuwa mtu wa Julfar, upande wa Ras al-Khaimah ya leo, bingwa wa kweli wa bahari aliyeandika vitabu vya elimu ya safari. Jina lake liliunganishwa na da Gama kutokana na kitabu cha Kiarabu kilichoandikwa miongo mingi baadaye, na wanachuoni waliozisoma kazi zake kwa makini wamelipinga dai hilo. Waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wanamwita rubani Mwislamu wa Gujarati na kumpa jina Malemo Cana au Canaca. Hiyo malemo ni mu'allim, neno la Kiarabu lililotumika kwa mjuzi wa kuongoza vyombo, na ndilo lililotupa sisi mwalimu. Shajara yenyewe inamwita Mkristo, kwa sababu Wareno wa safari ile walidhani Wahindu wote waliokutana nao ni Wakristo.

Kazi yake tunaijua kwa hesabu. Akiwa naye usukani, da Gama alivuka bahari bila kuona ardhi kwa siku 23, akaiona milima ya India. Alijua upepo wa kusi ndio unaanza. Wakati wa kurudi Wareno waliondoka India mapema Oktoba, kaskazi haijasimama, bahari iko katika tanga mbili. Safari ileile ikawachukua karibu miezi mitatu. Watu thelathini hivi walikufa njiani kwa kiseyeye, na katika kila merikebu walibaki saba au wanane tu wenye nguvu za kufanya kazi. Januari 1499 waliporudi Malindi wakitambaa, kitu cha kwanza kuomba kilikuwa machungwa ya wagonjwa. Wakapewa. Ni katika ziara hiyo ya pili, shajara inasema, ndipo walipoomba kuweka nguzo, na mfalme akakubali. Siku chache baadaye, karibu na Tanga ya leo, waliichoma moto merikebu yao mmoja kwa sababu mabaharia wa kuiendesha hawakutosha tena.

Yule binti alikuwa amekaa juu ya jiwe, kidevu mkononi. "Anko, sultani alikuwa anaitwa nani?"

Hapo nikakwama. Mwandishi wa shajara alimtazama mfalme yule kwa macho mawili. Ameandika joho lake la hariri lenye mapambo ya kijani, kilemba chake cha thamani, mwavuli wa rangi nyekundu uliomfunika, viti vya shaba vyenye mito, mzee aliyembebea upanga wenye ala ya fedha. Ameandika hata siwa mbili za pembe za ndovu, ndefu kama mtu, zilizopigwa kwa tundu la ubavuni, ndugu wa siwa zinazojulikana Lamu na Pate. Rangi ya mwavuli tunaijua. Jina la mtu aliyekaa chini yake hakuliandika.

"Hakuandikwa," nikamjibu.

"Lakini yeye ndiye mwenye nyumba."

Baba yake akaniuliza kama nimesomea historia. Nikasema nilianza. Hawakupiga makofi, ila walibaki pale kwa muda mrefu kuliko wageni wengi, wakiitazama bahari iliyokuwa na rangi ya chai ya maziwa kwa matope ya Mto Sabaki. Nilijiona nimefanya kazi nzuri. Nakiri. Nilijiona bora kidogo kuliko Mjomba.

Alinikamata kwenye kanisa. Ni kanisa dogo la Wareno, paa la makuti, makaburi yamelizunguka. Linahusishwa na Francis Xavier, mmishenari aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa na kumzika hapa mmoja wa wasafiri wenzake. Wageni walipoingia ndani, Mjomba akanishika mkono.

"Mwanangu, mtu ametoka Nairobi, amelipa hoteli, wewe wamwambia urafiki ulikuwa wa kushikana mashati?"

"Lakini ndiyo kweli, Mjomba."

"Kweli ya nani? Kitabu waandika Mreno. Hadithi yangu ni ya uongo kwa kuwa sikuisoma, na yako ni ya kweli kwa kuwa Mreno kaiandika? Basi wewe ndiye unayeongozwa na Mreno zaidi yangu." Akapenga kamasi, akakunja leso. "Na ukitaka kusema kweli, sema yote. Usichague ile isiyokuuma."

Sikuielewa sentensi ya mwisho. Nilidhani ni hasira ya mzee.

Tulifuata barabara ya ufukweni, tukapita Nyumba ya Nguzo, jengo la mfanyabiashara wa Kihindi wa karne ya 19 ambalo leo ni makumbusho. Nikaendelea kujaza nafasi kwa maneno. Pwani tuna msemo kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Malindi, nikawaambia, ilikwenda kinyume: mgeni alipona kwa machungwa yetu, mwenyeji akaisha. Malindi ilibaki rafiki wa Ureno kwa karne nzima, ikitarajia faida dhidi ya Mombasa. Mwaka 1593 Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus, nguvu zao zilihamia Mombasa, na ukoo wa watawala wa Malindi ukahamia huko nao. Mji uliobaki ukafifia, miti ikaota ndani ya nyumba. Ulifufuliwa kuanzia mwaka 1861, chini ya Sultani Majid wa Zanzibar.

"Ulifufuliwa na nani?" akauliza mama mtu.

"Na sultani," nikasema. Jibu fupi, la hotuba.

Gari likasimama mbele ya Msikiti wa Juma.

Kando ya msikiti kuna makaburi mawili ya nguzo, moja refu, jingine fupi. Lile refu, linaloitwa la Sheikh Hassan, ni la karne ya 15. Nguzo za namna hii ziko pwani nzima, kuanzia Somalia hadi Tanzania, nyingine zilipambwa kwa bakuli za kauri kutoka Uchina. Yaani kabla mgeni hajaleta jiwe lake, mji huu ulikuwa tayari na nguzo zake za kuwakumbuka watu wake. Sijui ni kwa nini ziara haianzii hapa. Au najua: hapa hakuna mandhari ya bahari, hakuna kiti, na kuna jambo moja ambalo Mjomba hulipitia haraka. Katika miaka yote niliyofuatana naye, hapa ni dakika mbili. Nguzo hii ya kale, ile ya baadaye, picha, twende. Jambo lenyewe ni kwamba uwanja huu unatajwa kuwa ndipo watumwa walipokuwa wakinadiwa, hadi mwaka 1873.

Baba mtu alikuwa ameshalisoma kwenye simu yake. Akauliza wazi: "Hapa ndipo palikuwa soko la watumwa?"

"Ndiyo," nikasema. "Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza mwaka 1873, masoko yakafungwa."

"Walikuwa wanatoka wapi?" Binti.

Jibu nilikuwa nalo. Nililisoma kwa kina kuliko hata shajara. Nilijua kwamba Malindi haikufufuliwa na sultani. Sultani alileta askari na ruhusa. Waliokata msitu, wakalima, wakavuna, walikuwa watumwa, wengi wao Wanyasa na Wayao waliotembezwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa hadi Kilwa, kisha wakapakiwa vyomboni kuja kaskazini. Nilijua kwamba mtama na ufuta wao ulisafirishwa hadi Arabuni, na kwamba mji huu ulitajirika kwa nafaka yao ndani ya miaka michache. Nilijua juu ya watoro waliokimbilia bara wakajenga vijiji vyao, kama Makongeni na Fuladoyo, wakawa na jembe na bunduki na viongozi wao. Nilijua kwamba mkataba wa 1873 ulizuia kuuza lakini haukumwachilia aliyekwishanunuliwa, na kwamba utumwa wenyewe pwani hii haukufutwa kisheria hadi mwaka 1907.

Nikasema, "Kutoka bara." Nikafungua chupa ya maji.

Kwenye nguzo nilikuwa shujaa. Kumshtaki Mreno wa mwaka 1498 hakuna gharama. Hana jirani hapa, wajukuu wake hawaswali na sisi. Lakini soko hili mnunuzi wake alikuwa mwenyeji, na nyumba zake ziko bado, na kuna majina ya koo ambayo ukiyataja kwenye sentensi moja na neno mtumwa utakosa wa kukualika harusini. Na kuna upande wa pili unaonyamaza zaidi. Nyumbani kwetu, ukiuliza asili yetu ni wapi, utaambiwa: sisi ni watu wa Malindi. Ukiuliza kabla ya Malindi, utaambiwa kamuone nyanya yako kama amekunywa chai. Nimekua na jibu hilo. Nilipokuwa mdogo mtoto wa jirani aliniita neno fulani tukicheza mpira, nikaenda kumuuliza mama maana yake. Mama aliacha kukuna nazi, akanitazama, akaendelea kukuna. Neno sikulirudia tena, na maana nikaipata mwenyewe, kidogokidogo, kwenye vitabu.

Kimya kilikuwa kirefu. Halafu nikasikia sauti iliyokwaruza nyuma yangu.

"Walitoka Nyasa," akasema Mjomba. "Mmoja wao alikuwa mzazi wa nyanya yangu. Aliletwa mdogo, kama wewe hivi," akamwonyesha binti kwa kidole. "Soko lilikuwa limeshafungwa, lakini watu waliendelea kupitishwa usiku. Akalimishwa mtama upande wa mtoni. Alipoambiwa uko huru, alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Akauliza, niende wapi? Akakaa."

Hakusema zaidi, sauti haikumruhusu. Mama mtu akasema pole, Mzee. Yeye akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea chenji.

Kutoka pale twende bustani ya mjini ilipo sanamu ya Mekatilili wa Menza ni hatua chache kwa gari, lakini siku hiyo nilizisikia kama nyuzi mbili zikifungwa. Huwa tunamweleza Mekatilili peke yake: mama wa Kigiriama aliyecheza kifudu kijiji hadi kijiji, akawalisha watu viapo mwaka 1913, akamkabili ofisa wa Kiingereza Arthur Champion. Lakini kwa nini Waingereza waliwataka Wagiriama wakati ule hasa? Sababu moja ni kwamba mashamba ya pwani yalikuwa yamepoteza mikono ya watumwa, na serikali ya kikoloni ikawa inawatafuta vijana wa Kigiriama wakayafanyie kazi. Kodi ya nyumba ndiyo ilikuwa kamba ya kuwavutia. Mekatilili aliona kamba ile inaelekea wapi. Alikamatwa Oktoba 1913, akapelekwa uhamishoni magharibi mwa nchi, akatoroka mwaka uliofuata, na Wagiriama husimulia kwamba alirudi kwa miguu. Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti, wakawafukuza Wagiriama kutoka ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki. Hayo mashamba, na sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliyowatambua wenye karatasi na kuwapita waliolima, ndiyo mizizi ya watu wa pwani kuitwa maskwota hadi leo juu ya udongo waliozikwa babu zao.

Hiyo niliisema. Niliisema polepole, bila kujaribu kumshinda mtu. Mjomba hakunikatiza. Yule binti akasoma jina chini ya sanamu kwa sauti, herufi kwa herufi, akasema, "Huyu ana jina."

Mchana tulikwenda Gede, kilomita kumi na sita hivi kusini. Mji wa mawe ndani ya msitu: kuta, msikiti mkuu, jumba la kifalme, visima virefu, tumbili wanaopora ndizi. Ulianza karne ya 12 hivi na kuhamwa mapema katika karne ya 17. Kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Wareno waliishi Malindi miaka mingi, mwendo wa nusu siku tu kutoka hapa, na hawakuandika kuhusu mji huu. James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO ikauweka katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Nimetembea Gede mara nyingi. Siku hiyo ndipo nilipoyasoma mabango. Nyumba ya Mkasi. Nyumba ya Kauri. Nyumba ya Sanduku la Pembe. Kirkman hakujua wenye nyumba, kwa hiyo kila nyumba ikapewa jina la kitu kilichookotwa ndani yake. Mtu alijenga sebule, akachimba choo, akazaa, akaswalisha watoto, na miaka mia nne baadaye anaitwa kwa mkasi alioupoteza. Na huyo ndiye tajiri wa Gede, mwenye nyumba ya mawe. Nje ya kuta walikaa watu wa nyumba za udongo, wengi zaidi, ambao hata mkasi hawakutuachia tuwaitie.

Nilifikiria mwaka 1415, wajumbe wa Malindi walipofika Uchina na twiga, na Wachina wakamwona kuwa ni qilin, mnyama wa baraka katika hadithi zao. Twiga aliyemtangulia, yule wa 1414 aliyepitia Bengal, tunayo hata picha yake iliyochorwa. Tunajua alivyotembea, tunaijua ngozi yake. Aliyemchunga baharini miezi yote ile, akimkatia majani na kumshika shingo wakati wa mawimbi, hatujui alikuwa nani.

Kwa hiyo si Mreno peke yake. Karatasi ya mgeni ilimsahau mfalme wetu, na mfalme wetu naye, na waliomfuata, walikuwa na watu wao wa kuwasahau. Mjomba aliniambia asubuhi nisichague kweli isiyoniuma, na mimi nilihitaji kutwa nzima kuelewa.

Magharibi tuliagana na wageni. Baba mtu alitoa bahashishi nzuri kuliko kawaida. Mjomba akaihesabu, akanipa nusu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Tukapanda tuktuk kurudi nyumbani. Njiani binti yule alikuwa bado kichwani mwangu, kwa sababu kabla ya kuingia garini aliuliza swali la mwisho: yule rubani, alirudi kwao? Nilimwambia shajara inamfikisha India, kisha inamwacha hapo na kuendelea na mambo yake. Akasema, "Hiyo si vizuri," akafunga mlango.

"Mjomba," nikasema, "yule mzazi wa nyanya yako. Aliitwa nani?"

Alikaa kimya mpaka tukapita soko. Kisha akanitajia. Ni jina la kitu, la aina ile waliyopewa wengi walipofika, kama mtu anavyobandika bei. "La kwao hatukuambiwa," akasema. "Hili ndilo tulilo nalo."

Nikamuomba ruhusa niliandike. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati. "Mama yako akikubali. Nenda kamuulize yeye. Na safari hii usiondoke akianza kukuna nazi."

Sijaliandika hapa kwa sababu mama bado hajakubali. Ila amekubali kuliongelea, na hilo katika nyumba yetu ni kubwa. Mjomba amepona koo na hotuba ameirudia mwenyewe. Bado anasema Ibn Majid, bado anaionyesha bahari kwa mkono mzima, na bado hupigiwa makofi. Lakini ziara yake siku hizi haianzi na msalaba. Huanzia Msikiti wa Juma, na hapo hukaa zaidi ya dakika mbili.